Dirisha Lililopewa Dawa

"Glavu ni za watoto wachanga na maiti!"

Fundi vioo alisema hivyo akiwa amesimama juu ya kreti la soda, siku duka la vifaa vya ujenzi lilipofunguliwa, mbele ya mwenye duka, wateja na kioo kikubwa cha mbele alichokipachika mwenyewe asubuhi ile. Akanyanyua viganja vyote viwili kama mtu anayeonyesha kwamba hajaiba. "Tazameni! Kioo kinanijua. Kinamkata mgeni, hakimkati mwenyeji!" Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo akaitwa Mwenyeji, na jina likamganda.

Ubaya wa jina kubwa ni kwamba linataka kulishwa kila siku.

Moyo wake ulianza ujeuri kwenye ngazi za jengo la ofisi. Walikuwa wamebeba kioo, yeye chini, shemeji yake juu. Huyo shemeji, kaka wa mkewe, ndiye mwenzake wa kazi tangu ujana, na sheria yao ilikuwa moja tu: hakuna anayelegeza mkono mpaka mwenzake aseme "nimeshika". Ghafla kifuani pakawa kama pana kuku aliyefungiwa kwenye mfuko. Moyo unapiga, unaruka, unanyamaza, kisha unagonga mara mbili kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

"Shemeji, kioo kinatetemeka."

"Ni wewe huko juu."

"Mimi nimesimama kama nguzo. Tua! Tua, nakwambia!"

Wakakitua. Mwenyeji akaketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka, huku akidai eti ni chai aliyokunywa.

Mashine ya hospitali haikuijua hiyo chai. Ilitoa karatasi yenye vilima vilivyopangwa na mlevi. Daktari, mwanamke kijana asiyepoteza maneno, akaisoma kisha akaiweka chini.

"Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, vinatetemeka tu. Damu inatuama humo. Ikituama inaganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi."

"Haya, njia ziko ngapi?" akauliza Mwenyeji, kama anayeulizia aina za madirisha.

Kulikuwa na vidonge vya kupunguza kasi, halafu aishi na moyo huohuo. Kulikuwa na kuushtua kwa umeme akiwa amelazwa usingizi, ili urudi kwenye mdundo wake. Kulikuwa na kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kuchoma sehemu zinazoleta fujo.

"Nichome, basi, tumalize."

"Kwa umri wako na presha yako, njia zote zinapita mlango mmoja," daktari akasema. "Dawa ya kuzuia damu kuganda."

"Si ndiyo ile ambayo mtu akijikwaruza kidogo anavuja kama bomba?"

"Utatoka damu kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, ndiyo. Unafanya kazi gani, baba?"

Mkewe akamjibia. "Anakata vioo, daktari. Mikono mitupu. Glavu ni za maiti."

Daktari akaviangalia vile viganja. "Basi utavaa glavu."

Mwishowe aliacha kuchomwa, akachagua umeme. Kabla ya hapo, wiki tatu za vidonge, asubuhi na jioni. "Ukiruka hata kimoja, niambie," daktari akasisitiza. "Moyo ukianza kupiga vizuri wakati bonge limo ndani, sisi wenyewe ndio tutakuwa tumelisukuma kichwani."

Mwenyeji akaitikia kwa kichwa. Lakini usiku ule hakuliona bonge. Aliona kakidole kake kamoja kanachuruzika damu mbele ya watu, na mtu pembeni anacheka: aisee, mwenyeji kageuka mgeni! Kufa hakukumtisha kama kicheko kile. Ndivyo tulivyo wanaume. Tukipewa uchaguzi kati ya jeneza na aibu, tunaulizia jeneza la mbao gani.

Vidonge vya kupunguza kasi alivimeza. Vya damu alivibeba kazini, "nitameza na chai, mke wangu", akavichomoa kimoja kimoja na kuvididimiza kwenye kopo la puti, ule mchanganyiko laini wa kushikilia kioo kwenye fremu, akakanda juu. Mkewe alikagua pakiti kila jioni. Matundu matupu yalilingana na siku.

Siku moja kabla ya umeme, walikuwa wanapachika dirisha la saluni. Shemeji akachota puti, akaivuta kwa kisu pembeni mwa fremu. Kisu kikakwama. Akabandua kidude kidogo cha duara. Hatua moja mbele, kingine.

"Shemeji," akasema polepole, "siku hizi tunatibu madirisha?"

Mwenyeji akajifanya anapima fremu.

"Umeweka vingapi?"

"Vyote."

"Basi dirisha hili halitapata kiharusi ng'o. Na kesho wanakushtua?"

"Nitasema nimekunywa. Usimwambie dada yako."

"Dada yangu ni damu yangu. Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo hiyo daktari anataka kuifanya nyepesi."

Shemeji, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka. Akafuta kisu kwenye suruali. "Simwambii mtu. Ila miaka yote hii ukisema umeshika, mimi nalegeza. Kesho ukidanganya pale, sitalegeza tena."

Kesho yake Mwenyeji alilala kitandani kifua wazi, wamembandika pedi mbili kubwa za kupitishia umeme. Mashine ya pembeni ililia pi, pi-pi, kimya, pi. Mtu wa dawa ya usingizi alishajaza bomba la sindano. Mkewe alisimama miguuni. Mlangoni, shemeji alikuwa anafinyanga kidonge cha puti kati ya vidole, macho chini.

"Vidonge vya damu umemeza vyote?" daktari akauliza.

"Vyote," mkewe akadakia. "Matundu nayakagua mwenyewe."

"Namuuliza yeye, mama."

Pi. Kimya. Pi-pi-pi. Neno moja tu, alale, aamke na moyo mpya na mikono mitupu. Au aamke mdomo umekwenda upande, jina lake mwenyewe halitamkiki. Au asiamke. Sindano ikasogea mkononi.

"Sijashika," akasema.

"Unasemaje?"

"Sijameza. Hata kimoja."

Shemeji akainua macho.

"Na yale matundu?" mkewe akauliza.

"Viko kwenye dirisha la saluni."

Daktari akazibandua pedi pamoja na nywele za kifua, wala hakuona haja ya kubembeleza. "Hakuna umeme leo. Wiki tatu upya, kuanzia sasa hivi."

Mkewe akamtoa hadi nje ya geti. Hapo akamwekea kidonge kiganjani, akampa chupa ya maji, akasimama mbele yake. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Wapita njia walitazama. Akainua ulimi.

Kisha akawaongoza wote wawili hadi duka la vifaa vya ujenzi, wakapita kando ya kile kioo kikubwa. Mwenye duka akachangamka. "Mwenyeji! Nikupe nini leo?"

"Glavu. Zile nene."

Mwenye duka akamtazama, akamtazama shemeji, akashindwa kujizuia. "Za mtoto mchanga au za maiti?"

"Za mgeni," Mwenyeji akajibu.

Jozi moja ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Akalipa.