Nilimchinja Chelel Kwa Sababu ya Sherehe

Jumamosi, tarehe kumi na sita mwezi wa nane, nilimpoteza Chelel. Alikuwa ng'ombe, mweupe kama jina lake lilivyo kwa Kikipsigis, na mpaka leo namlilia. Cheka ukitaka. Hakuibwa, wala hakuugua. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kamba akichinjwa. Kosa ni langu!

Mimi ni mkulima mdogo wa chai upande wa Kiptere. Shule niliachia darasa la saba. Mke wangu alipofariki aliniachia binti yetu Chebet na ng'ombe huyo. Maziwa yalikuwa yanaenda kwa ushirika kila asubuhi, na ndiyo yaliyomsomesha Chebet mpaka akamaliza sekondari.

Alipoitwa chuo kikuu, hapo tu Kericho, alinikalisha chini.

"Baba, karo nimepata mkopo. Shida itakuwa chakula. Nitumie pesa ya maziwa kila mwezi, na maharagwe ukivuna. Hayo mengine nitajipanga. Na tafadhali, msinifanyie sherehe."

Nilisema sawa. Wakati huo nilikuwa nasema ukweli.

Kisha akaja jirani yangu Bosco, mwenyekiti wa kila kamati kwetu. Ukiona hema imesimama, Bosco yuko chini yake.

"Baba Chebet! Msichana wa kwanza hapa kuingia yunivasiti, aende kimya kama mtu anapeleka mahindi kusagwa? Watu watasema mama yake alikufa na akili yako."

Hiyo ya mama yake ndiyo iliniweza. Tena Bosco aliniambia wageni watachanga, na mheshimiwa fulani ameahidi fahali. Nikajiona nimekaa mbele, naitwa baba wa msomi. Nikakubali. Woi!

Asubuhi ya sherehe mheshimiwa alipiga simu. Fahali hakupatikana, lakini alituma salamu nyingi, na mwakilishi wa kuja kula kwa niaba yake. Wageni walikuwa wameshaanza kuketi. Bosco aligeuza kichwa akaangalia zizi.

"Huyo anakamuliwa," nikasema.

"Kwa mchango wa leo utanunua wawili. Ama unataka tuwape watu strungi, chai bila hata tone la maziwa?"

Chebet alikuwa ameenda kanisani kuazima viti. Aliporudi alikuta ngozi imeanikwa uani. Aliweka viti chini, akavaa aprini, akaanza kuwagawia wageni nyama. Yeye hakula. Mshereheshaji akapiga kelele kwa spika, "Binti yetu hatawahi kulala njaa!" Watu wakapiga makofi kwa mikono iliyojaa mafuta. Wengine walikuwa wamekuja na mikebe ya kubebea.

Mchango ulilipa hema, spika na mshereheshaji. Hapo uliishia! Kilichobaki ni zawadi: thamosi saba na saa nne za ukutani. Mtoto akaenda chuo akijua vizuri kabisa saa ya kula ni ngapi, ila chakula hana.

Nilikuwa nikimpigia simu ananiambia, "Niko sawa, Baba." Niliamini kwa sababu kuamini kulinifaa.

Mwezi wa kumi nilimpelekea maharagwe. Alikuwa amekodi chumba nje ya chuo pamoja na mwenzake anaitwa Mercy. Mercy aliponiona alishika mdomo.

"Kumbe wewe ndiye mzee wa ile sherehe! Video yenu ilifika mpaka huku. Hiyo nyama, mzee! Sisi tulidhani Chebet ni mtoto wa tajiri."

"Mercy, nyamaza," Chebet akasema.

"Ninyamaze nini? Si hiyo video ndiyo ilikunyima chakula?"

Ndipo nikaelezwa. Chuoni kuna watu wanaowapa wanafunzi wasiojiweza kadi ya kula mchana bila kulipa. Chebet aliomba. Mmoja wao akatoa simu, akamwonyesha baba yake akicheza mbele ya sufuria za nyama. Wakamwambia awaachie maskini nafasi.

Nilitamani ardhi inimeze!

Siku hiyo nilijua binti yangu anavyokula. Anangoja jioni sokoni, wauzaji wakikunja magunia, ndipo anunue kabichi iliyobaki kwa bei ya kutupa. Mboga za managu anachuma kando ya ua wa ploti wanakopanga. Kuna hoteli mjini inatoa supu ya bure ukinunua ugali, basi wanaenda wawili wananunua ugali mmoja. Thamosi sita ameshauza, akanunua unga. Ile ya saba wanaweka strungi, mtoto aliyekua kwa maziwa!

Badala ya kuomba msamaha, nilifungua gunia la maharagwe. Walinipakulia managu. Nilikuwa na njaa, nikala, nikaongezwa. Hata hilo naungama.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mtoto wako akiitwa chuo, mwache aende kimya. Muulize atakula nini kabla hujamuuliza mwenye hema bei yake. Hao wageni wana chakula kwao! Na ukimwona mwenyekiti anaangalia zizi lako, mtafutie kazi nyingine ya kufanya.

Mimi najua ninachosema, kwa sababu bado sijapona. Chelel aliacha mtamba. Wiki iliyopita Bosco alikuja tena. Mtoto wa dada yake ameitwa chuo na wanapanga sherehe. Aliingia zizini, akampapasa mtamba mgongoni, akasema amenenepa vizuri.

Ningependa kuandika kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwambia nitafikiria! Halafu nikaona aibu, nikampigia Chebet nikamwambia yote.

Jumamosi alifika mapema, yuko na mama yake mdogo wa Kapsoit. Hakuketi. Alienda moja kwa moja zizini akamfungua mtamba.

"Namweka kwa mama mdogo," akasema. "Huko ni karibu na chuo. Akizaa, nitapata maziwa."

"Naweza kuja kumwona?"

Alizungusha kamba ya mtamba mkononi.

"Njoo, Baba. Lakini uje peke yako."

Mama mdogo aliangalia pembeni asicheke. Mimi nikatangulia, nikawafungulia lango.