Mfungo wa Ulimi

Shangazi yangu, dada wa baba, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Redio. Kwa jina hilo hakuonewa. Anaweza kushona sketi, kugombana na muuza mkaa dirishani, kusuluhisha ndoa ya jirani na kunikosoa ninavyokata kitambaa, yote kabla uzi haujaisha kwenye bobini. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wa kwake nadhani una msuli.

Kila Kwaresima huacha kitu. Mwaka mmoja aliacha sukari. Uliofuata aliacha chumvi, ila kwenye maneno aliendelea kuitia, na Baba alimtania kwa hilo mpaka Pasaka. Ndipo Shangazi akaona kwamba anampa Mungu vitu visivyomuuma. Mwaka ule akatoa kile kinachouma: kila Ijumaa ya Kwaresima, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, asitamke neno. Wateja walionyeshwa bei kwa vidole. Kanisani hata "Amina" aliitikia kwa kichwa. Majirani walichungulia dirishani wakasema Redio imeishiwa betri.

Ijumaa ya tatu, kwenye saa nne, Baba alifika dukani kwake. Haya nimeyasikia kwa Shangazi mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyotaka. Baba alisimama mlangoni, akakohoa kidogo kama kawaida yake, akasema, "Dada, nina shida kidogo." Shangazi akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha kalenda ukutani. Baba akaitazama, akacheka.

"Kumbe leo Ijumaa. Haya, Mungu kwanza. Nitakuja kesho."

Akaondoka. Shangazi akaendelea kukanyaga cherehani, akifurahi moyoni kwamba ameshinda kishawishi.

Baba alifariki siku ile ile saa nane mchana, kwenye benchi la korido ya hospitali, akisubiri kuitwa. Waliokaa naye walidhani amesinzia. Habari zilimfikia Shangazi saa kumi. Wanawake waliokuwapo wanasema alifungua mdomo, akaufunga, akakaa sakafuni, na kwa saa mbili nzima machozi yakamtoka bila sauti. Saa kumi na mbili ilipofika ndipo akapiga yowe. Mpaka leo kuna watu wanaolisimulia yowe hilo, na wanapolisimulia hushusha sauti.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Mama alikuwa ametangulia zamani. Nikahamia kwa Shangazi. Huu ni mwaka wa nne, mimi nakata, yeye anashona.

Ungedhani aliachana na mfungo ule. Hakuachana nao, aliukaza. Alirudia kuacha sukari, akaacha tena na chumvi, akaanza kulala sakafuni, na Ijumaa akawa kimya kama maji mtungini. Mimi nilikasirika, nikimwona mkaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anaogopa. Kama Mungu kweli aliutaka ukimya ule, basi ndugu yake alirudishwa mlangoni kwa sababu. Na kama hakuutaka? Hapo Shangazi hakuthubutu kufika, kwa hiyo ilimbidi aendelee kuamini kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, akizidi kukonda.

Na Baba hakuondoka pale dukani. Sitii chumvi, hiyo ni kazi ya Shangazi. Ijumaa za Kwaresima, saa nne ikikaribia, mguu wa Shangazi husimama juu ya kanyagio, naye hugeuka kutazama mlango. Hakuna mtu. Mwaka jana nami nilikisikia kikohozi kile, karibu kabisa, nikajikata kidole. Tulitazamana, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Siku nyingine za juma alikuwa akiuliza. Aliuliza majirani, aliuliza wafanyakazi wenzake Baba, alimuuliza padri: ndugu yangu alikuwa na shida gani, ni ugonjwa ule au alinifuata kwa jambo jingine? Hakuna aliyejua. Mimi aliniuliza mara moja tu, juma lile la mazishi, nikamjibu, "Sijui."

Nilikuwa najua. Nililala nikijua na kuamka nikijua, nikala chakula chake nikijua. Yeye alikuwa tayari amejitwika lawama yote, na ilikuwa rahisi kumwacha aibebe.

Mwaka huu, Ijumaa ile ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu, tulikwenda misa ya asubuhi. Likasomwa somo la nabii, lile ambamo Mungu anawauliza watu wake kama kweli huo ndio mfungo aliowaagiza. Niliona mkono wa Shangazi ukishika benchi la mbele. Njiani alitembea haraka, nikawa namkimbilia nyuma. Tulifungua duka. Alianza kupinda ukingo wa vazi la zambarau la padri, na saa nne mguu ukasimama. Akautazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akageuka kwangu.

"Baba yako alikuwa na shida gani?"

Mkasi ulinitoka mkononi. "Shangazi, leo Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani. Mungu nimemuuliza miaka yote hii. Leo nakuuliza wewe."

Uongo mzuri ulikuwa tayari kinywani: alitaka umpunguzie suruali. Angeumeza, na labda angelala kitandani usiku ule. Lakini nilimwona amekaa na midomo imemkauka, Ijumaa, ameuvunja mfungo wake kwa ajili ya neno langu moja, nikashindwa.

"Kifua kilikuwa kinambana," nikasema. "Alitaka umsindikize hospitali. Alisema pale ukienda bila mtu mwenye mdomo utakaa mpaka uote mizizi, na mdomo wa dada yake unaweza kumtoa daktari hata chini ya kitanda."

Alikaribia kucheka. Niliona tabasamu likija, kisha likakwama pale usoni, na sitamani kuliona tena.

"Alikuambia lini?"

"Asubuhi ile, tukinywa chai. Aliniomba mimi kwanza. Nikamwambia nina miadi ya kusuka nywele, aende kwako."

Shangazi akalitoa vazi la padri kwenye sindano, akalikunja, akaliweka mezani. Mteja aliyekuwa anaingia alitutazama, akarudi alikotoka.

"Mimi nilinyamaza kwa saa kumi na mbili," akasema. "Wewe miaka minne."

Hakusema kwa ukali. Ningefurahi kama angenipiga. Nikamwomba msamaha, naye akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia "Amina" zake za Ijumaa, sikujua kama amesamehe au amesikia tu. Niliogopa hata kunyanyua mkasi sakafuni.

"Na hizo nywele," akauliza mwishowe, "zilitoka vizuri?"

"Hazikuisha. Simu ilinikuta nimesukwa upande mmoja. Nilimzika Baba nimefunga kitambaa, ili msione."

"Nilikiona," akasema. "Nilidhani ni cha msiba."