Ramani Nne za Transfoma Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu ya wino, wembe na onyo. Chumba cha michoro cha shirika letu la umeme kilikuwa ghorofani, upande wa Mirongo, hapa Mwanza, na Mkuu wa Chumba alikuwa mzee wa Kikerewe asiyependa kelele. Nikamwamkia.

"Marahaba. Sasa sikiliza, binti. Ukichora laini kushoto mwa barabara na yenyewe iko kulia, kuna mtu atapanda nguzo akidhani haina umeme. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unatandaza karatasi ya kupitishia, ile inayoonyesha kilicho chini yake, juu ya ramani ya zamani, unafuatisha kwa wino, halafu unaongeza nguzo mpya. Ukikosea, unakwangua kwa wembe huku ukimwomba Mungu karatasi isitoboke. Na Mwanza haichoreki kirahisi. Kwenye karatasi nguzo mbili ni majirani. Ukienda kwa miguu unakuta katikati yake jabali, juu ya jabali kuna nyumba, na mlangoni mwenye nyumba anauliza umeme wake utafika lini. Niliipenda kazi hiyo. Sijui kuificha furaha, na wenzangu walikuwa wakinitania kwamba mimi hucheka hata na ramani.

Baadaye nilihamishiwa Kitengo cha Mipango, kompyuta zikaja, wembe nikauacha nyumbani. Tulidhani shida zimekwisha. Kumbe ndipo kila kitengo kilipojitengenezea ramani yake. Mipango tulikuwa nayo, Ujenzi walikuwa nayo, Huduma kwa Wateja walikuwa nayo, na watu wa Dharura, wale mnaowapigia simu umeme ukikatika, nao walikuwa na ya kwao. Kila mmoja aliifungia kompyuta yake neno la siri. Fahari wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa nao wanne.

Kisha siku moja umeme ulikatika Kirumba. Dharura waliagiza transfoma izimwe, wakaitaja kwa jina, ili fundi apande nguzo. Ikazimwa nyingine kabisa, kwa sababu kwenye ramani ya aliyezima jina hilo lilikuwa la transfoma ya mtaa wa pili. Fundi alikuwa ameshavaa mkanda na mguu uko juu. Alipima kwanza kwa kipimio cha umeme, kama alivyofundishwa, na ndiyo maana wanawe wana baba mpaka leo. Niliposimuliwa nilimkumbuka mzee wangu wa Kikerewe.

Mkurugenzi wa Usambazaji aliniita ofisini kwake. "Mama, umebakiza muda mfupi ustaafu. Niandikie mkakati wa shirika zima. Ramani moja. Vitengo visipokubaliana kabla hujaondoka, karatasi yako itaingia kabatini na tutaendelea kupanda nguzo kwa kubahatisha."

Alichotaka ni mfumo wa taarifa za kijiografia. Jina ni refu, jambo lenyewe ni jepesi: ni ramani inayojua mambo. Ukibonyeza nguzo inakwambia ilisimamishwa lini, inapata umeme kutoka kituo gani, na ukiizima ni akina nani watakaokaa gizani. Kununua kompyuta ni kazi ndogo. Kazi ni kuwapatanisha watu.

Niliwaita wakuu wanne wa vitengo. Mkutano wa kwanza walinishinda. Kila mmoja alitaka ramani yake ndiyo iwe mama wa nyingine. Mkutano wa pili nikarudia ujana. Nilimwomba kila mkuu achore transfoma ya soko la samaki la Mwaloni kutoka ramani yake, kwenye karatasi ya kupitishia, kisha nikazipachika zote nne kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Jua likapenya. Transfoma moja ilikuwa mahali panne. Ya Ujenzi ilikuwa katikati ya barabara. Ya Mipango, kitengo changu kilichojigamba kuliko vyote, ilikuwa ziwani.

Mkuu wa Huduma kwa Wateja, mama mmoja mpole wa Bukoba, aliitazama kwa makini. "Kwa hiyo Mipango mnawauzia umeme sangara," alisema. "Na wanalipa vizuri?"

Mkuu wa Mipango ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo kazi ikalainika. Tuliacha kuulizana ramani ni ya nani, tukaulizana nani atajibu kuhusu nini. Ujenzi wasiwashe nguzo mpya kabla haijaingia kwenye ramani. Mita ziwe za Huduma kwa Wateja. Kama swichi imewashwa au imezimwa, Dharura ndio wenye neno la mwisho. Wengine wasome tu.

Nilibishana na Mkurugenzi jambo moja la mwisho. Yeye alitaka transfoma ziwe na namba peke yake. Nikamwambia mteja hajui namba, anajua Kwa Fundi Baiskeli au Kwa Mama Chapati. "Basi weka vyote viwili," alisema, akatia saini. Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani nikiimba.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku nyumbani kwangu Pasiansi, na sijutii hata siku moja ya wembe. Wiki iliyopita umeme ulikatika. Nikawapigia Dharura, akapokea binti ambaye sauti yake siijui.

"Shikamoo, mama. Uko wapi?"

Nikamtajia namba ya transfoma yetu. Naijua kwa kichwa, ugonjwa wa kazi huo. Nikasikia anabonyeza kompyuta.

"Nimeiona. Hii ni Kwa Mama Ramani. Mafundi wanapajua, wanakuja."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtaani wananiita hivyo. "Mama Ramani ndiye nani?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Nadhani ni mwenyeji tu wa hapo. Unamfahamu?"

"Namfahamu," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka huku nacheka. "Anasema fundi apime kwanza kabla ya kupanda."