Bunduki Tuliyoichagua Juu ya Dungu

Mwezi mzima wa Ramadhani mwaka huu mimi na mjomba tulikuwa tukichagua bunduki ya kuwindia tembo. Hatukuinunua. Pesa hatuna, kibali hatuna, na kuwinda kulipigwa marufuku nchi hii kabla hata mama hajazaliwa. Lakini ukikaa juu ya dungu na usingizi umekukaba koo, utachagua chochote: bunduki, mke, meli.

Dungu letu ni jukwaa la miti lenye paa la makuti, limesimama katikati ya shamba la mama, huku nyuma ya Kwale ambako msitu wa hifadhi unaishia na mahindi yetu yanaanzia. Kati ya msitu na mahindi pana ua wa waya wa umeme. Tembo wanaujua ua ule kuliko fundi aliyeufunga. Wanausukumia mti, waya unalala, wanapita mmoja mmoja kama watu wanaoingia harusini.

Misimu miwili mfululizo walikuwa wametula mpaka mabua. Mahindi haya ya vuli tuliyapanda kwa kuchelewa, kwa hiyo mwezi ulipoandama ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kukauka. Mama akasema, huku akichambua mchicha, wala hakuinua uso:

"Haya ndiyo ya mwisho. Wakiyala haya, mimi naliacha shamba. Nakwenda kwa dada yangu, huko Mwabungo pwani, nikakaange samaki."

Mama si mtu wa kutisha watu. Mjomba, ambaye ni mdogo wake na anaishi kwetu, akaenda kukaza kamba za dungu. Mimi moyoni niliiona Mwabungo: kitanda, chandarua, na hakuna mnyama hata mmoja mwenye haja na chakula chetu isipokuwa paka.

Kwa sababu kulinda kulikuwa kumenimaliza. Tulipokezana na mjomba usiku kucha, asubuhi naoga, navaa sare, naenda shule kulala nikiwa nimekaa wima. Mwalimu wetu wa bayolojia alinishtua siku moja akaniuliza nimelala wapi jana. Nikamjibu nimekesha na tembo. Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu mwalimu mwenyewe ni mtu wa mwili, na yeye akadhani namsema yeye. Nilipiga magoti nje mpaka kengele. Nilisinzia hata pale, na magoti yangu yakashukuru kwa kupata kazi tofauti.

Sasa, bunduki. Mjomba alijiona mtaalamu. Zamani aliajiriwa na hoteli moja huko Galu kufukuza tumbili waliokuwa wakiiba mkate mezani mwa wageni. Silaha yake ilikuwa manati. Hapo hotelini alimpata mzee mmoja mzungu aliyewahi kuwinda nchi za kusini, na kila mzee alipolewa alimfundisha mjomba habari za bunduki. Elimu yangu mimi ilitoka kwenye simu, bando likiwepo. Kwa hiyo walikutana msomi wa baa na msomi wa bando, na hakuna kati yao aliyewahi kushika hata gobore la babu.

Mjomba alitaka ile kubwa, wanayoiita nne tano nane kwa upana wa mtutu wake. Hoja yake ilikuwa fupi: mkubwa apigwe kwa kikubwa. Jua likishainama sisi hatumtaji tembo kwa jina shambani, tunasema mkubwa, maana ukimtaja anasikia ameitwa. Mimi nilitaka ile ya tatu saba tano. Nilimweleza kwamba bunduki ya kwanza haifai kuwa ya kukutisha. Ile kubwa inapiga teke. Ikikupiga bega mara mbili, mara ya tatu unafumba macho kabla hujafyatua, na risasi kubwa iliyokwenda upande inakuachia mnyama mwenye kidonda na hasira. Bora ndogo kidogo iliyofika palipokusudiwa. Tena risasi yenyewe iwe ngumu, isiyochanuka njiani, kwa sababu ngozi ile si ya paa.

"Wewe unamnunulia mkubwa au unalinunulia bega lako?" mjomba akaniuliza.

"Bega ndilo nitakalokwenda nalo shule."

Akasema nina bega la kubeba daftari. Tukabishana uzito. Mwisho tukaona tupime kwa vitendo, na kitu pekee nyumbani kilichokaribia bunduki ya tembo kilikuwa mchi wa mama. Mjomba akautia begani, akapanda nao kutoka nyumbani mpaka kwenye dungu, jua la alasiri, saumu mdomoni. Alifika midomo imekuwa myeupe kama chokaa. Akauegemeza, akakaa chini, na baada ya muda mrefu akakubali kwamba pengine tatu saba tano nayo ni bunduki. Huku chini mama alikuwa akizunguka uani na kisamvu chake kwenye kinu, akiuliza ni mwizi gani huyu anayeiba mchi akaacha kuku.

Tembo wenyewe usiku hawakuja. Tulikodoa macho usiku baada ya usiku, tukaambulia nguruwe mwitu mmoja na mbu. Lakini jioni moja, tukiwa nyumbani tende ndiyo kwanza imeingia kinywani, tukasikia shambani kama mtu anavunja kuni. Tulipofika, upande wote wa bondeni ulikuwa umelala chini na mavi yangali yanatoa moshi. Jioni ya pili yake, saa ileile, wakala upande wa mwembe. Mama alisimama kwenye yale mabua akiwa bado ameshika kikombe cha uji, na sikuthubutu kufanya mzaha, mimi ambaye nilishawahi kufanya mzaha matangani.

Aliyelijua jambo ni jirani yetu. Yeye ni mfugaji wa mbuzi aliyehamia kutoka kule kwenye ukame, mtu wa kanisa, hafungi. Na kwa kuwa hafungi, ungedhani yeye ndiye angebaki shambani magharibi wakati sisi wote tumeteremka kufuturu. Lakini kwetu huwezi kufuturu jirani yako akakaa pembeni anakutazama. Kwa hiyo kila jioni kabla ya adhana mama alinituma nimwite, naye alikuja, kanawa kabla yetu. Mtu pekee katika kitongoji kizima aliyekuwa na nafasi ya kulinda saa hiyo, sisi tulimwita kwa adabu aje ale muhogo wa nazi.

Jioni ile ya pili, tuliporudi kutoka shambani, alijifuta mdomo, akasema polepole, "Dada, hawa wanasubiri adhana."

Tulicheka. Halafu kicheko kikatuishia mdomoni, kwa sababu ilikuwa kweli. Tulikuwa tunakesha mpaka daku kumvizia mgeni aliyekwisha kula magharibi akaenda kulala.

Nikatoa rai kwamba jirani abaki juu ya dungu. Jirani mwenyewe akasema hana neno, mradi akumbukwe kwa uji. Mama akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Yaani mgeni wangu nimpandishe juu ya miti anilindie mahindi, na mimi niko chini natafuna tende? Nitasema nini kwa watu?"

"Mahindi yataisha, mama."

"Yaishe, lakini si kwa hivyo."

Nilichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyebeba mchi. Nikajua tumeshafika Mwabungo. Mama akakoroga kitu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa. Kisha akasema kesho futari itakwenda shambani, na sote twende nayo, na jirani akiwemo.

Kesho yake tulipanda kama watu wanaohama: sufuria kichwani kwa mjomba, chupa ya uji wa pilipili manga kwangu, mkeka kwapani kwa jirani, mama na kapu la vitumbua. Tukatandika chini ya dungu. Adhana ikatoka msikiti wa ng'ambo ya bonde. Mama akasema bismillahi, akatia tende kinywani, na palepale kijiti kikavunjika upande wa msituni.

Walikuja kwa wakati wao. Mbele jike mkubwa, nyuma yake mtoto, nyuma yao wengine kwenye kiza cha miti. Jike akatokea kwenye mahindi akatukuta tumekaa kitako tunakula, na sidhani kama alilitarajia hilo. Akasimama, masikio wazi. Mjomba, kitumbua shavuni, akaninong'oneza, "Nne tano nane."

Mimi nilikuwa na manati na kidonge cha udongo mkavu. Yote niliyoyasoma juu ya pa kumlenga yalinitoka. Nilichokiona ni kope zake, ndefu, zenye vumbi, na uso wa mtu asiyelala vizuri. Ungenipa bunduki saa ile, kubwa au ndogo, ningeiegemeza kwenye nguzo ya dungu nikajilaza.

Mama ndiye aliyeinuka. Alichukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akaanza kugonga, na huku anagonga anasema, si kwa kelele, kwa sauti ileile anayoniamshia mimi:

"Hata uji hamtuachi tukaumeza? Hata uji?"

Jirani akashika debe tupu lililokuwa chini ya dungu, akalipiga. Mjomba akapiga miluzi ya Galu, ile ya tumbili. Jike akatutazama kidogo zaidi, akang'oa bua moja kana kwamba ni haki yake ya njia, akageuka, na mtoto akamkimbilia nyuma mkia umesimama. Mama akaendelea kugonga mpaka kimya kikarudi. Kisha akatawadha, akaswali palepale kwenye mkeka, sisi watatu tukiwa tumempa mgongo tunautazama msitu.

Tulifuturu shambani mpaka mwezi ukaisha. Walikuja mara mbili nyingine, wakatukuta, wakaondoka. Baada ya Idi tukavuna. Nusu ya shamba ilikuwa imeshakwenda zamani; iliyobaki tukaimwaga juu ya turubai uani, rundo la kunifika magotini. Mama akalizunguka. Mjomba aliacha kutafuna kijiti. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia tupu, nikiwaza chandarua cha mama mdogo wa Mwabungo, na nilijua nikiulizwa nataka nini sitakuwa na jibu la heshima.

Mama akaokota hindi moja, akalipukuchua kwa kidole gumba, akazitazama punje.

"Masika tutapanda," akasema.

Mjomba akashusha pumzi, akanigeukia. "Basi, mjomba, ile habari ya risasi hatukuimaliza."

"Mchi wangu usiguswe," mama akasema.

Nikalala palepale juu ya gunia. Walinifunika kwa khanga, nasikia, wakaendelea kupukuchua.