Machela ya Kulalia

Fundi alinikabidhi machela yangu ikiwa imekunjwa vizuri, na nilipoikunjua pale mbele ya kibanda chake nikaona ameniwekea mishikio minne. Kila upande alikuwa ameshona pia mfuko mrefu wa kupitishia mti wa kubebea. Ilikuwa kazi safi, uzi mara mbili, turubai lilelile analoshonea malori yanayopita Eldoret kwenda Uganda.

"Pole, Mama," akaniambia. "Mgonjwa ni wa nyumbani?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa. Ninasafiri msituni, nataka kitu cha kufunga kati ya miti miwili nilale ndani.

"Si ulisema machela?"

"Machela ya kulalia."

"Kwani kwa hii mtu huwa amesimama?"

Nilimfokea. Hasira yangu haikai mbali, na siku hiyo ilikuwa mlangoni. Nikamwambia angeuliza kabla ya kukata kitambaa. Lakini kosa halikuwa lake. Wenye kamusi wanasema machela ni kitanda cha kuning'inia pia, cha mtu kujipumzikia. Huku kwetu tunaijua ikiwa na watu wanne wa kuibeba, na anayelala ndani hajaomba kulala. Mimi nililijua neno hilo kuliko fundi. Nilipoiona ile mishikio, niliikunja machela tena upesi.

Kazi yangu ni kupima miti: unene wake, urefu wake, na mingapi imekauka. Miaka yote nimepima misitu ya karibu na kurudi kulala kitandani. Mwaka huu nikachaguliwa kuingia msitu wa Kongo kwa wiki sita, safari niliyoingoja tangu nianze kazi. Barua ilieleza kwamba chini huko hakulaliki, ni maji na siafu, kwa hiyo kila mtu aje na kitanda chake cha kuning'iniza. Asiyeweza kulala hewani atoe taarifa mapema, nafasi yake apewe mwingine.

Basi nikaanza kuchagua, na nilichagua kama mtu anayechagua mkwe. Ya kwanza niliipata mitumbani, ya nyuzi za pamba, ina pindo za rangi. Mwenzangu mmoja wa kazini aliyewahi kwenda huko akacheka. "Hiyo ni ya hoteli," akasema. "Pamba itaoza wiki ya pili." Turubai la fundi nalo haliozi upesi, lakini likinyeshewa linakuwa zito kama ndama. Mwishowe nikamrudia fundi, nikamwomba radhi, akanishonea nyingine ya kitambaa cha parachuti. Aliifanya pana ili nilale kwa kukingama mgongo usipinde, na akaweka tabaka mbili chini, kwa sababu mbu wa huko huuma kupitia kitambaa. Juu yake chandarua na turubai jepesi. Kwenye miti, mikanda mipana ya kufungia mizigo ya lori, isiyokata magome. Kati ya mkanda na machela, kamba, na juu ya kamba kipande cha uzi kinachoning'inia, ili maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mti yadondoke hapo kabla ya kukufikia.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa fundo. Nilitaka kununua kulabu za chuma, mwenzangu akakataa. "Chuma kitapotea kwa matope ubaki ukilia. Jifunze kufunga. Na wewe si ni mtu wa ng'ombe?"

Ndiyo, mimi ni mtu wa ng'ombe, na hapo ndipo penye shida yangu.

Nyumbani kwetu ni Kapseret. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, baba aliugua kifua wakati wa mvua ndefu. Gari lililokuja kumchukua lilizama kwenye matope mbali na boma, na hakukuwa na njia ila kumbeba hadi barabarani. Majirani wanne wakakata miti miwili, mama akaleta blanketi, na mimi nikaambiwa nilete kamba za ng'ombe. Upande wa miguu alifunga jirani. Upande wa kichwa nilifunga mimi, kwa sababu kila mtu alijua hakuna ng'ombe aliyewahi kunitoroka.

Nilifunga fundo alilonifundisha baba mwenyewe. Ng'ombe hufungwa kwa fundo ambalo ukivuta mkia wake, ile ncha ya kamba inayobaki, mara moja linaachia, ili mnyama akianguka asinyongwe kabla hujamfikia. Ukiwa na ng'ombe mjanja, anayevuta ule mkia kwa mdomo, unaupitisha ndani ya kitanzi, na hapo halifunguki hata avute vipi. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku ile nilikuwa na haraka, na mtu si ng'ombe, nikauacha mkia ukining'inia.

Karibu na kijito, mbebaji mmoja wa mbele aliteleza. Katika kutafuta pa kushika akaushika ule mkia, na fundo likaachia. Baba alitangulia kichwa. Matope yalimpokea bila kishindo, na kwa miaka ishirini na tano sasa, ni ule ukosefu wa kishindo ninaousikia. Kabla mtu yeyote hajasema neno, mama akapaza sauti: "Kamba imekatika!" Wote wakaitikia kwamba imekatika. Baba akafa hospitalini siku ya tatu. Daktari akasema ni mapafu.

Wiki moja baada ya mazishi nilimkuta mama akimfunga ng'ombe mwekundu kwa kamba ile ile. Ilikuwa nzima toka mwanzo hadi mwisho. Aliniona nikiangalia, akaniambia nilete ndoo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ndiyo, lakini mimi unyasi wenyewe nililazimika kuushika kila asubuhi. Nilikamua, nikafunga, nikafungua. Na kila nilipofunga nilimwona baba akiangalia vidole vyangu.

Sasa nilikuwa na machela nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nisingeweza kulala ndani yake. Nilienda nayo Kapseret kwa sababu kule kuna ile mikaratusi miwili ya baba karibu na zizi. Nikaifunga, nikatia gunia la mahindi, nikasimama kulilinda kama askari. Gunia halikuanguka. Nikalitoa, nikakaa mimi, miguu bado iko chini, na jasho likanitoka. Nikaamua kuandika ile taarifa, nafasi yangu apewe mwingine.

Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni. Siku hizi anatembea na fimbo. Akaja polepole, akaibonyeza machela kama anayenunua godoro.

"Niingize," akasema.

"Mama, hapana."

"Niingize. Nimechoka kusimama."

Nilimwingiza. Sijui nilipata wapi nguvu ya kukubali. Akajinyoosha, viatu vyake vya plastiki vikabaki kwenye nyasi, na mimi nikaishika kamba ya upande wa kichwa kwa mikono yote miwili, ingawa ilikuwa imefungwa.

"Umefunga fundo gani?"

"La ng'ombe."

"Umepitisha mkia?"

"Nimepitisha."

Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, akaingoja ipite.

"Siku ile hukupitisha," akasema.

Nikamwambia, "Ulijua."

"Hiyo kamba nimefungia ng'ombe mpaka ikaisha yenyewe. Ningekosa kujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniuliza kama ni hiyo ilimuua."

"Ni hiyo?"

"Sijui, mama," akaniambia, akiniita vile alivyoniita nikiwa mdogo. "Nimeuliza Mungu, hajaniambia. Sasa nyamaza nilale."

Na akalala kweli. Mzee wa miaka sabini na nane, mdomo wazi kidogo, akipumua juu ya vidole vyangu. Nilitaka kulia kwa sauti, nikaogopa kumwamsha. Nilisimama vile hadi jua likahamia upande wa pili wa zizi na ng'ombe wakaanza kulia kwa maziwa kujaa. Mikono ilikufa ganzi. Kamba haikuwa ikinihitaji, nililiona hilo kwa macho yangu, lakini sikuweza kuiachia.

"Bado umeshika?" akauliza bila kufungua macho.

"Ndiyo."

"Tangu nilale?"

"Tangu siku ile, mama."

Akanyoosha mkono nyuma ya kichwa chake, akatafuta vidole vyangu, akaanza kuvibandua kimoja kimoja kutoka kwenye kamba.

"Nenda ukamue," akasema. "Mimi nitabaki hapa."