Funza ya Mwalimu

Nilisema uongo, tena mbele ya darasa lote. Mwalimu alikuwa anachechemea siku mbili, akauliza nani anajua kutoa funza. Wenzangu wakaangalia chini. Mimi, ili nisiende na wengine kulima shamba ya shule, nikasimama: “Mimi, mwalimu. Natoa hata macho imefungwa.”

Sikuwa nimetoa hata moja. Kwetu hiyo ni kazi ya mama.

“Kesho ulete sindano,” akasema. “Ukinipasulia hiyo funza, unarudi kwenu Muheto kuchunga mbuzi. Masomo imeisha.”

Darasa ikacheka.

Jioni nikamwambia mama yote. Hakunipiga. Alinipa sindano na sahani ya maharagi ya kupikwa. “Toa ganda. Isipasuke.”

Ya kwanza ikapasuka. Ya kumi vile vile.

“Unachoma,” mama akasema. “Funza haichomwi. Zunguka pembeni, polepole, mpaka nyama iiachilie. Mufuko yake ya mayai ikipasukia chini ya ukucha, kidole inaoza.”

Inaoza! Habari kama hiyo muntu anapewa mbele ya kujisifu, si nyuma. Maharagi zilizopasuka nilikula zote, lakini hazikuteremuka vizuri.

Asubuhi mwalimu akaweka muguu juu ya magoti yangu, darasa lote limetuzunguka. Kidole kikubwa. Chini ya ukucha, doa nyeupe, na nukta nyeusi katikati, inaniangalia.

“Unangoja nini? Unasali?”

Kweli nilikuwa nasali.

Nikaanza pembeni. Akavuta muguu, roho yangu ikaruka nayo. “Mwalimu, usitingishike!” Mimi ndiye nilisema hivyo, kwa mwalimu! Hakuna aliyecheka. Akatulia, akauma midomo. Nikazunguka, nikazunguka, jasho inaniingia mu macho, mpaka kitu cheupe kama punje ya mutama kikapanda ku ncha ya sindano. Kizima.

Nikamuonyesha, sawa mama anavyofanya. Mwenye muguu lazima ajionee kama haikubakia kitu ndani. Aliiangalia sana. Halafu akavua kiatu cha pili. “Huku iko zingine tatu.”

Nilitoa zote tatu, naogopa kila moja sawa ile ya kwanza.

Nyumbani nikamwelezea mama. Alikuwa anamenya mihogo, akaacha kisu.

“Funza nne? Basi mwalimu wenu hanawi miguu. Wewe usimwambie, atakufukuza. Nitamwambia mke wake.”