Hakuna Skrini, Imesema Skrini

Leo kompyuta imeniandikia kwamba haioni skrini. Imeandika wapi? Kwenye skrini hiyo hiyo, ukuta mzima!

Bado nina hasira. Wenye mabosi wa hivi mtanielewa.

Akina mama wamepanda gari alfajiri kutoka Mlalo kuja Lushoto, kuangalia video ya ugonjwa unaowaozeshea viazi shambani. Ukumbi umejaa. Nawasha skripti yangu ya Linux, programu fupi niliyoiandika, ile inayotafuta skrini halafu inaonyesha video. Inagoma.

Nabadilisha waya wa projekta. Inagoma. Nazima, nawasha. Inagoma!

Bosi kasimama nyuma yangu anawaambia wageni, "Huyu binti tumempa kazi iliyomzidi."

Jamani! Jana ilifanya kazi vizuri. Ni yeye aliyeniamuru asubuhi niiendeshe kwa akaunti kuu, eti shughuli ya wageni haiendeshwi na mtumiaji wa kawaida. Vyeo mpaka kwenye kompyuta! Na skrini imefunguliwa na huyo huyo wa kawaida, na kompyuta haimruhusu mwingine kuitumia, kwa hiyo mkuu kafika, haoni kitu.

Nikarudi kwenye akaunti ya kawaida bila kumuuliza. Viazi hivyo, ukutani!

Bosi akapiga makofi. "Nimeshairekebisha. Karibuni."

Nikamwachia sifa, ni mtu mzima. Ila mama mmoja wa mbele akainuka, mpole kabisa: "Shikamoo mzee. Tunaomba uizime, halafu utuwashie tena, tuone ulivyofanya."

Mpaka sasa bosi anatafuta miwani.